Gari la juu lililotumika: lipime kwa masika na kwa mwisho wa mwezi

Na Mwandishi Wetu

NI nani miongoni mwa wakazi wa pembezoni mwa Dar es Salaam asiyeijua adha ya mwezi wa Aprili? Pale lami inapokoma, iwe ni Mabwepande na Madale upande wa Kinondoni, au Chamazi na Toangoma upande wa Temeke, ndipo safari ya mfanyakazi inapoanza hasa. Njia hugeuka mifereji, udongo hunata, na gari dogo lenye tumbo la chini hukwaruza kila tuta na kuzama katika kila dimbwi. Si ajabu basi kwamba familia nyingi, zikishajikusanyia akiba yao kwa miaka kadhaa, huyaelekeza macho kwenye lile gari ambalo watu wa mjini wamelizoea kwa jina la "gari la juu".

Ndugu msomaji, huenda na wewe ni mmoja wao. Makala haya hayakukatazi kununua. Yanakuomba tu ulipime gari hilo kwa vipimo viwili ambavyo muuzaji hatakutajia: masika na mwisho wa mwezi.

Nyumba zilitangulia barabara

Haja ya magari haya haikutokana na anasa peke yake. Mwaka 2002 serikali ilianza mradi wa viwanja 20,000 katika Jiji la Dar es Salaam, na maeneo kama Bunju, Mbweni na Toangoma yakapimwa. Baada ya mafuriko makubwa ya Desemba 2011, baadhi ya wakazi wa Bonde la Msimbazi walihamishiwa Mabwepande. Maelfu ya wengine walijinunulia viwanja wenyewe kwa wenye mashamba, wakajenga chumba baada ya chumba. Nyumba zikatangulia, lami ikafuata kwa mwendo wa kobe.

Wazee wetu wataikumbuka hali tofauti kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, taifa lilipokuwa na uhaba mkubwa wa mafuta na wa fedha za kigeni, magari binafsi hayakuruhusiwa kutembea Jumapili alasiri bila kibali. Masharti ya uagizaji yalipoanza kulegezwa kuanzia mwaka 1984, mlango ulifunguka kidogo kidogo, na kwa mlango huo yakaja kuingia magari yaliyotumika kutoka Japani, nchi ambayo magari yake hushika upande wa kushoto wa barabara kama yetu. Leo mfanyakazi wa kawaida anaweza kuota kumiliki gari. Lakini ndoto hiyo isipopigiwa hesabu huweza kuisumbua nyumba nzima.

Sura moja, tabia mbalimbali

Katika kundi hili magari yanayojulikana zaidi ni Suzuki Escudo, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1988, Toyota RAV4 ya mwaka 1994, Honda CR-V ya mwaka 1995, na Nissan X-Trail ya mwaka 2000. Kila moja limebadilishwa umbo mara kadhaa tangu hapo, na mengi yanayouzwa mkononi sasa ni ya matoleo ya zamani.

Yote yako juu, lakini hayafanani tabia. Escudo za matoleo mawili ya mwanzo zimejengwa juu ya chesisi kama lori, na zina gia nzito ya ziada kwa ajili ya tope na milima. Ni magari ya kazi, ila huruka-ruka barabarani na hunywa mafuta bila haya. RAV4, CR-V na X-Trail zimejengwa kama gari dogo lililoinuliwa. Ni laini zaidi kwa safari ya kila siku, na zimekusudiwa kwa barabara mbovu, si kwa kupanda mlima usio na njia.

Hapa ndipo wengi wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Magurudumu yote manne kuzunguka si lazima yote manne yawe yanasukuma. Baadhi ya RAV4, hasa kuanzia toleo la pili la mwaka 2000, zilitengenezwa zikisukumwa na magurudumu mawili ya mbele tu, ilhali sura ni ile ile. Usiyategemee maneno ya muuzaji wala kibandiko cha nyuma. Inama utazame chini: kama hakuna propela inayokwenda nyuma, wala difu kati ya magurudumu ya nyuma, basi unanunua kimo tu. Kimo nacho kina faida yake kwenye mashimo na matuta, lakini kwenye utelezi wa masika hakitakuvusha, na wala hakistahili bei ya gari linalosukuma kwa miguu yote minne.

Bei ya kununua ni kizingiti tu

Anayeagiza gari kutoka nje hulipa ushuru wa forodha wa asilimia 25. Kisha huja ushuru wa bidhaa kwa kadiri ya ukubwa wa injini: gari lenye injini inayozidi sisi 1,000 lakini isiyozidi 2,000 hutozwa asilimia 5, na linalozidi sisi 2,000 hutozwa asilimia 10. Ipo pia Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, na gari lililozeeka huongezewa mzigo kwa sababu ya umri wake. Kabla hujatuma hata shilingi moja, tazama makadirio yanayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania kwa gari la aina na mwaka unaoutaka. Wako watu ambao gari lao lilifika bandarini salama, likakaa pale likihesabiwa gharama za kuhifadhiwa, kwa kuwa mwenyewe alipiga hesabu ya meli akaisahau ya kodi.

Sasa tufike mwisho wa mwezi. Tuseme nyumba yako iko kilomita 20 kutoka kazini. Kwenda na kurudi ni kilomita 40, na kwa siku 25 za kazi ni kilomita 1,000. Gari la juu la zamani lenye injini ya sisi 2,000, katika foleni za Barabara ya Kilwa au ya Bagamoyo, huweza kwenda kilomita 8 hadi 10 tu kwa lita. Hizo ni lita 100 hadi 125 kila mwezi. Kwa bei ya shilingi 3,000 kwa lita, utatumia shilingi 300,000 hadi 375,000, kabla hujampeleka mtoto zahanati wala hujakwenda msibani. Bei kikomo hutangazwa kila mwezi na EWURA. Ichukue ya mwezi huu, uirudie hesabu hii kwa njia yako mwenyewe.

Juu ya mafuta kuna oili, bushi, shokapu na tairi. Kwa gari linalosukuma kwa magurudumu manne, tairi zote ziwe za ukubwa mmoja na zilizochakaa kwa kadiri moja. Kufunga mbili mpya pamoja na mbili kuukuu huilazimisha mitambo kuvutana yenyewe kwa yenyewe, na akiba ya tairi mbili hulipwa baadaye kwa bei ya difu.

Siku ya kukagua

Nenda asubuhi, na umwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika. Injini baridi haifichi siri. Fungua kifuniko cha rejeta ingali baridi: maji yenye kutu ni dalili kwamba dawa ya rejeta haikutumika, na oili inayoelea juu ya maji ni dalili mbaya kuliko zote. Chomoa kijiti cha oili. Ikiwa oili imekuwa kama chai ya maziwa, shika njia urudi nyumbani. Likishawashwa, tazama moshi. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma hata injini ikipata joto ni maji yanayoingia kwenye silinda.

Uliza kuhusu mkanda wa taimingi. RAV4 za toleo la kwanza zina mkanda ambao hubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 hivi, na zilizofuata zina mnyororo. Asiyejua ulibadilishwa lini hana budi kuhesabu kwamba haujabadilishwa. Inua kapeti, unuse, tafuta tope lililokauka chini ya viti, maana gari lililowahi kuzama kwenye mafuriko hupakwa rangi vizuri, ila nyaya zake huendelea kuoza kimya kimya.

Usidanganywe na herufi za namba. Namba huonyesha lini gari lilisajiliwa hapa nchini, si lini lilitengenezwa. Mwaka wa kutengenezwa utauona kwenye kadi ya gari. Hakikisha jina la mwenye kadi ni la yule anayekuuzia, kwamba kadi haishikiliwi na mkopeshaji, na kwamba gari halidaiwi faini za barabarani. Kisha hamisha umiliki mara moja.

Mwisho, nenda na fundi uliyemchagua wewe, na umlipe wewe. Fundi anayeletwa na dalali ana waajiri wawili, na wewe huenda si mmoja wao.

Si mtumbwi

Kuna ugonjwa mmoja ambao gari la juu humwambukiza mwenyewe, nao ni kujiamini kupita kiasi. Maji yakiingia kwenye injini kwa njia ya hewa, pistoni hushindwa kuyakandamiza, na vyuma vyake hupinda kwa sekunde moja. Maji yaendayo kasi nayo hulibeba gari la kimo chochote. Penye mafuriko, subiri au rudi. Hakuna mshahara unaostahili roho ya abiria wako.

Uamuzi wa nyumba

Kaeni chini, baba na mama, na karatasi moja. Upande mmoja andikeni nauli zote mnazolipa sasa, daladala, bodaboda na bajaji, pamoja na siku ambazo watoto walikosa shule kwa ajili ya mvua. Upande wa pili andikeni mafuta, matengenezo, bima, na akiba ya dharura ya gereji. Pande hizo zikikaribiana, na paa la nyumba limekwisha kuezekwa, basi gari hilo litakuwa mtumishi mwema. Lakini ikiwa bei ya kununua itamaliza kila senti mliyo nayo, kumbukeni kwamba gari kuukuu huomba fedha tangu wiki ya kwanza.

Jirani ataliona gari lako siku litakapoingia uani. Ankara ya fundi utaisoma wewe peke yako.