Wakazi Wahimizwa Kukata Tiketi za Maigizo

Vikundi vya uigizaji Mombasa hutegemea sana wanafunzi wanaokuja kutazama vitabu teule kama Bembea ya Maisha ya Timothy Arege. Shule zikifungwa, mabasi hayaji, lakini gharama za ukumbi, mavazi na nauli za mazoezi zipo palepale.

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la shughuli za utamaduni na burudani. Hata hivyo, mwigizaji hulipwa kwa tiketi. Anayeomba kuingia bure kwa sababu ya ujamaa humkata nauli ya kurudi Likoni.

Wakazi wanaweza kuulizia ratiba Little Theatre Club, barabara ya Mnazi Mmoja, au Swahilipot Hub, karibu na Fort Jesus.