Je, Wajua? Kiputo cha gesi hushikilia retina mahali pake

Retina, utando mwembamba unaopokea mwanga nyuma ya jicho, huweza kutoboka na kubanduka kama karatasi ya ukutani iliyopenyezwa maji. Mgonjwa huona vimulimuli, madoa yanayoelea, kisha kivuli. Zamani mwisho wake ulikuwa upofu, hadi Jules Gonin wa Lausanne, Uswisi, alipothibitisha kwamba tiba ni kuziba tundu lenyewe.

Mwaka 1970, huko Miami, Robert Machemer alifungua njia nyingine: kuingiza kifaa chembamba kupitia sehemu nyeupe ya jicho, kukata ute uliojaa ndani na kuufyonza. Leo matundu ya kupitishia vifaa huwa na upana wa takriban nusu milimita, na mara nyingi hayahitaji kushonwa.

Ute ukishatoka, daktari huchoma kingo za tundu kwa leza, au huzigandisha, kisha hujaza gesi. Gesi huelea juu, hivyo tundu likiwa katikati ya retina mgonjwa huagizwa kuinamisha uso kwa siku kadhaa. Ni adhabu kwa shingo, lakini siku hizo ni sehemu ya tiba. Gesi huyeyuka yenyewe, baadhi kwa wiki 2, nyingine hadi 8, na jicho hujaza maji yake.

Kabla haijaisha, ndege ni marufuku kabisa! Shinikizo la hewa likipungua gesi hutanuka, presha ya jicho hupanda na mtu anaweza kupofuka. Aliyepasuliwa Mombasa asipande hata basi la Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya bahari, bila idhini ya daktari.