Trekta Mpya na Baridi ya Juni

Bwana mkulima wa Makete au Njombe, ukinunua trekta mpya, ilinde na baridi ya Juni na Julai. Maji yakiganda hutanuka, nayo yaweza kupasua rejeta na hata injini. Hasara hiyo yaweza kumaliza faida ya mavuno yako. Basi tia katika rejeta dawa ya kuzuia maji yasigande, kwa kipimo cha kitabu cha trekta. Jioni jaza tangi la dizeli, ili unyevu wa hewa usigeuke maji ndani yake. Asubuhi washa injini, uiache izunguke polepole kwa dakika chache. Ndipo uanze kulima, bila kuilemea. Oili ya kwanza huchukua chembe za chuma: trekta nyingi huhitaji ibadilishwe baada ya saa 50 za kazi.