Zambezi: Kwa nini ni vigumu kukadiria mwendo wa maji korongoni

Kwa miaka mingi Zambia na Zimbabwe zimekuwa na mpango wa kujenga bwawa la umeme la Batoka, lenye uwezo wa megawati 2,400, katika korongo la mto Zambezi chini ya Maporomoko ya Victoria. Wahandisi wa bwawa la namna hiyo hawana budi kujua mapema: mafuriko makubwa yakija, maji yatapanda hadi kimo gani na yatafika baada ya muda gani?

Jibu hutafutwa kwa modeli za kompyuta. Nyingi kati ya hizo zingali zinaegemea kanuni iliyowasilishwa mwaka 1889 na mhandisi wa Ireland, Robert Manning. Kanuni hiyo huhusisha kasi ya maji na kina, mteremko, na namba moja inayowakilisha ukinzani wa sakafu na kingo za mto. Kina na mteremko hupimwa. Ukinzani hauna kipimio chake; hukadiriwa kwa jicho la mzoefu, kisha hurekebishwa hadi matokeo ya modeli yalingane na vimo vya maji vilivyoshuhudiwa mtoni.

Mfereji wa zege laini hupewa takriban 0.013, na mto wa milimani wenye mawe makubwa kati ya 0.04 na 0.07. Atakayechagua 0.06 badala ya 0.04 atakuwa ameipunguza kasi ya maji kwa theluthi nzima, ilhali kina na mteremko ni vilevile.

Zambezi huongeza ugumu mwingine. Mwezi Oktoba, mto unapopungua, maji hugonga majabali ya basalti na kupasuka povu. Kufikia Aprili mto umejaa, majabali yamezama, na baadhi ya maporomoko madogo yanayopendwa na watalii wa mashua za mpira hayaonekani tena. Korongo ni lilelile, lakini ukinzani umepungua.

Kutumia namba ya kiangazi wakati wa mafuriko kuna madhara mawili. Modeli itaonyesha wimbi likichelewa, na watu walio chini ya mto watapewa onyo ambalo muda wake si wa kweli. La pili halionekani kwa urahisi: mhandisi anayekokotoa mafuriko ya zamani kutokana na alama za maji ukutani atapata kiasi kidogo kuliko kilichopita, na huenda milango ya bwawa ikasanifiwa kwa kipimo hicho.

Mto huu umekwisha kuwashtua wajenzi. Bwawa la Kariba lilipokuwa likijengwa, mafuriko ya mwaka 1957 yalifunika kingio la muda. Ya mwaka 1958 yakaja makubwa zaidi na kusomba daraja.

Tiba ni kupima mto ukiwa umejaa. Lakini kuta za korongo zimesimama wima, mkondo ni mkali, na kushusha watu na vifaa Aprili ni hatari, hivyo vipimo vinavyohitajika zaidi ndivyo vigumu zaidi kupatikana.