Lipu ya Chumba cha Ndani: Elimu ya Mwiko kwa Mwenye Nyumba

Ashikaye barabara ya Musoma kutoka katikati ya jiji la Mwanza, akafika stendi ya Buzuruga na kuelekeza macho kwenye nyumba zilizosongamana kandokando ya njia na zile zilizopanda vilimani baina ya majabali, ataona nyumba nyingi zilizokwisha kuezekwa bati, zenye milango na wenyeji wanaolala na kupika ndani yake, lakini kuta zake bado zi tupu, tofali na viungo vyake dhahiri machoni. Hakuna aibu katika jambo hilo. Watu hujenga kadiri riziki inavyokuja, na lipu ya ndani aghalabu ndiyo kazi inayoahirishwa, maana ukuta mtupu hauzuii maisha kuendelea. Walakini ukuta huo hutoa vumbi kila ufagiliwapo, huwapa wadudu maskani katika nyufa zake, na hunywa rangi ndoo kwa ndoo bila kupendeza. Nia yangu ni kumwambia mwenye nyumba wa namna hiyo kwamba kupiga lipu chumba chake mwenyewe ni kazi aiwezayo, kwa sharti ajifunze kwanza tabia ya maji. Kwani makosa ya wanaoanza karibu yote huzaliwa na maji na haraka, wala si udhaifu wa mkono.

Kusiriba kuta si maarifa mageni kwetu. Waashi wa Lamu na Unguja walichoma matumbawe katika tanuri za kuni, wakapata chokaa, wakaizimua kwa maji na kuiacha ilainike, kisha wakaipaka kutani na kuichonga kwa ustadi ambao hata leo unaonekana katika zidaka za majumba ya kale. Huku Usukumani nyumba za msonge zilikandikwa udongo juu ya fito, na mwenye kutaka kujua mambo ya kale ya Wasukuma anaweza kuendelea na barabara hiyohiyo ya Musoma hadi Kisesa, kwenye makumbusho ya Bujora. Saruji tuitumiayo sasa ni mgeni wa juzi: Mwingereza Joseph Aspdin aliipatia hataza mwaka 1824, na kiwanda cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilianza kuitoa mwaka 1966. Saruji hukauka upesi na hushika kwa nguvu kuliko chokaa, lakini haisamehe, na kwa hiyo anayeanza hana budi kuipangia kazi kabla hajaifungua.

Na apange hivi: achague chumba kimoja cha ndani, na katika chumba hicho ukuta mmoja usio na dirisha. Asianze na sebule, wala kamwe asianze na dari. Mabomba ya nyaya za umeme yawe yamekwisha kuchimbiwa na fremu za milango kusimamishwa, kwa kuwa kubomoa lipu mpya ili kupitisha waya ni israfu ya mali na ya moyo. Ukuta wa mita 3 kwa mita 3, kwa lipu ya unene wa milimita 15, utakula karibu mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, ikiwa kipimo ni saruji moja kwa mchanga tano. Mfuko huo una ujazo wa lita 35 hivi, yaani ndoo mbili kubwa zisizojaa vizuri. Basi mchanga wake ni ndoo tisa hivi. Usikubali kupima kwa beleshi, kwani beleshi la asubuhi na beleshi la jioni, mkono ukiwa umechoka, hayalingani hata kidogo. Tena wako wanaodhani kwamba saruji ikizidi lipu itakuwa madhubuti zaidi, na dhana hiyo ndiyo chanzo cha nyufa nyembamba zinazotambaa ukutani kama utando wa buibui, maana saruji nyingi husinyaa sana inapokauka.

Mchanga nao una hadhi yake. Sisi watu wa ziwa tuna neema moja ambayo watu wa pwani hawana: maji ya Viktoria ni baridi, hayana chumvi ya bahari, ambayo huivujia lipu na kuitoa maua meupe. Lakini kuchota mchanga ufukweni kiholela ni kuula ukingo wa ziwa, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeuwekea hifadhi ukanda wa mita 60 kando ya maziwa na mito. Nunua kwa muuzaji anayejulikana mchanga wake umetoka wapi. Ukifika, tia kiasi katika chupa ya kioo hadi nusu, ongeza maji, tikisa kwa nguvu, kisha iache itulie. Tope likikaa juu ya mchanga kwa kadiri inayozidi sehemu moja kwa kumi, mchanga huo uoshwe au urudishwe. Uliosalimika upitishe katika chekeche.

Sasa tuje kwenye maji. Tofali la kuchoma hunywa maji kwa uchu. Ukilipaka mchanganyiko likiwa kavu, litanyonya maji yote ya saruji kabla saruji haijashika, na lipu itakauka ikiwa unga. Kwa hiyo ukuta husuguliwa kwa brashi ngumu hadi vumbi litoke, ukamwagiwa maji jana yake, ukamwagiwa tena asubuhi, kisha ukaachwa hadi maji yasimeremete juu yake. Ukuta unaotiririka ni mbaya sawa na ukuta mkavu, maana lipu huteleza juu yake. Lenta ya zege, kwa kuwa ni laini na haishiki, hutangulizwa rafu ya saruji moja kwa mchanga mbili, ikirushwa kwa mwiko na kuachwa ikiwa na uso wa kukwaruza hadi kesho yake.

Kisha timazi. Bandika ukutani madonge madogo ya mchanganyiko, mawili juu na mawili chini, yalinganishe kwa timazi na uzi, uyaunganishe kwa mikanda ya wima, na uiache ikaze. Mikanda hiyo ndiyo itakayoiongoza rula ya kusawazishia, na mwenye mikanda iliyonyooka amekwisha kushinda nusu ya kazi kabla ya kuianza.

Kurusha ndiko kunakowatisha wengi, na hapa nitakaa kidogo. Mwanafunzi huchota mchanganyiko, akausukumiza ukutani kwa mgongo wa mwiko kama anayepaka siagi. Hewa hubaki nyuma yake, na baada ya miezi ukibisha kwa kifundo cha kidole unasikia sauti ya utupu. Mwashi mahiri hafanyi hivyo. Mkono wake haupigi, kiwiko hakiondoki sana mbavuni. Ni kifundo cha mkono tu kinachogeuka ghafula, na mchanganyiko huruka na kutua ukutani kwa kishindo kifupi, ukajitandaza wenyewe. Mazoezi yake hufanywa nyuma ya nyumba, kwa mchanga na chokaa au udongo tu, ukiuokota na kuurusha tena. Na mwalimu yupo karibu: mwombe fundi wa mtaani akupigie ukuta wa kwanza, nawe uwe saidia fundi wake, umchanganyie na kumbebea karai, na macho yako yasiondoke kwenye mkono wake.

Nafasi baina ya mikanda ikijaa, rula huvutwa kutoka chini kwenda juu, ikichezwa huku na huku. Halafu subiri. Kidole gumba kikibonyeza na kuacha alama hafifu bila ya kunata, ndipo ubao wa kusugulia unapoingia, kwa duara, na maji ya kunyunyiza. Wapo wanaorusha saruji kavu ili uso ung'ae. Kwa ukuta wa ndani naona ni kosa, kwani ngozi hiyo hupasuka. Mchanganyiko uliokwisha kuanza kushika katika karai usiufufue kwa maji, utupe. Na saruji mbichi huunguza: vaa glovu, na ikiingia jichoni osha kwa maji mengi, kisha uende hospitali.

Lipu ikiisha, kiu yake haijaisha. Inyweshe asubuhi na jioni kwa siku saba, madirisha yakizuiwa upepo wa ziwa, na rangi uiache hadi wiki nne zipite.

Na yule ambaye baada ya vyumba kadhaa ataona kazi imemkaa mkononi, ajue kwamba chuo cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kipo Nyakato, jirani kabisa na Buzuruga, na kwamba mamlaka hiyo ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza kazini bila ya kukaa darasani.