UONGOZI WA KIDIJITALI NA UHAI WA KAMPUNI ZA TEKNOLOJIA

Wafanyakazi wa Serikali na wananchi wa Unguja na Pemba wanafahamishwa kuwa uongozi wa kidijitali si wingi wa kompyuta ofisini. Ni uwezo wa kiongozi kutumia taarifa, mitambo na wataalamu alionao ili huduma iwafikie watu, iaminike, na idumu hata baada ya yeye kuondoka. Kampuni inayokosa uongozi huo huweza kukua kwa haraka na kuanguka kwa haraka vile vile.

Mfano wa jirani ni M-Pesa ya kampuni ya Safaricom nchini Kenya, huduma ambayo ilifika Tanzania mwaka 2008 kupitia Vodacom. Majaribio yake yalianza mwaka 2005, kwa madhumuni ya kuwawezesha wakopaji wadogo kulipa madeni yao kwa simu. Wasimamizi walipofuatilia matumizi, waligundua kuwa watu waliitumia zaidi kutumiana fedha wao kwa wao. Mpango wa awali ukaachwa. Huduma ilipozinduliwa rasmi mwezi Machi 2007, shabaha yake ilikuwa kupeleka fedha kwa jamaa walio mbali.

Jambo la pili lilikuwa amana. Fedha za wateja ziliwekwa benki katika akaunti ya amana, mbali na fedha za kampuni yenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2008, baada ya kutokea wasiwasi juu ya usalama wa huduma hiyo, Wizara ya Fedha ya Kenya iliagiza ukaguzi. Na mwezi Januari 2009 wananchi wakaarifiwa kuwa huduma ni salama. Kama hesabu zisingekuwa wazi, imani ya wateja ingevunjika, na bila ya imani hiyo biashara isingebaki. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Jambo la tatu ni kujitegemea na kurithishana kazi. Mitambo ya M-Pesa, iliyokuwa Ujerumani, ilihamishiwa Kenya mwaka 2015. Michael Joseph, aliyeiongoza Safaricom huduma ilipoanza, alimwachia uongozi Bob Collymore mwaka 2010. Collymore alipofariki dunia mwezi Julai 2019, huduma haikusimama, kwa kuwa ujuzi haukuwa umefungwa katika kichwa cha mtu mmoja.

Kwa hiyo, mafunzo haya yanazihusu pia ofisi za umma. Kabla ya mfumo mpya kuanza kutumika, hapana budi ujaribiwe na watu watakaoutumia, na malalamiko yao yaandikwe na kufanyiwa kazi. Mtumishi aliyepo dirishani ndiye wa mwanzo kujua wapi mfumo unamkwamisha mwananchi. Taarifa yake isipuuzwe. Aidha, kila idara ihakikishe kuwa zaidi ya mtumishi mmoja anafahamu namna mfumo unavyoendeshwa, na kwamba kumbukumbu zake zinahifadhiwa mahali zaidi ya pamoja.

Wananchi nao wanakumbushwa kudai stakabadhi kwa kila malipo, na kutomtajia mtu yeyote namba yao ya siri, hata akijitambulisha kuwa ni ofisa. Mitambo hununuliwa kwa fedha. Uaminifu hujengwa kwa kazi ya kila siku.