Dar es Salaam kwa Miguu, Kutoka Mbagala hadi Mnazi Mmoja

Barabara ya Kilwa ndiyo mlango wa kusini wa Dar es Salaam. Abiria anayetoka Nyangamara, Lindi au Kilwa huvuka mto Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, hupita Kibiti na Mkuranga, kisha huingia jijini kupitia Mbagala. Watu wengi wa kusini wana ndugu huko. Hata hivyo, mgeni anayetaka kuliona jiji hupelekwa Posta, Feri na kwenye fukwe za kaskazini, na mitaa ya wilaya ya Temeke huishia kuitazama kupitia dirisha la daladala.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam; ile ya 1967 haikufikisha 400,000. Ongezeko hilo linaonekana wazi kwa anayetembea kutoka Mbagala kwenda katikati ya jiji, kwa sababu kadiri anavyosonga mbele ndivyo mitaa inavyozidi kuwa ya zamani.

Mbagala ilikuwa mashamba ya minazi, mikorosho na miembe. Wenye mashamba waliuza viwanja vilivyopimwa kwa hatua, na pande mbili zikaandikiana mbele ya mjumbe. Kila aliyenunua alijenga kwa kadiri ya mfuko wake, na nafasi iliyobaki kati ya ukuta na ukuta ndiyo ikawa njia. Ndiyo maana nyuma ya soko la Rangi Tatu vichochoro hupinda ghafla, hupita uani kwa watu na pengine huishia mlangoni mwa mtu.

Tandika na Temeke hubadilisha sura. Tandika ni soko: mitumba, viungo, vyombo vya ndani. Temeke ilipanuliwa kwa mpango baada ya Vita Kuu ya Pili, wakati serikali ya kikoloni ilipotafuta makazi ya wafanyakazi Waafrika, na mitaa yake mingi imenyooka. Huku bado zipo nyumba za Kiswahili: kibaraza mbele, korido katikati, vyumba vikitazamana pande mbili, na nyuma ua wenye jiko na choo. Mwenye nyumba na wapangaji hutumia ua mmoja. Kibaraza ni cha wote: asubuhi huuziwa vitumbua, jioni huchezewa bao.

Keko inajulikana kwa maseremala. Vitanda, makabati na fremu za milango hupangwa kando ya barabara, fundi akipiga randa na kijana akisugua msasa hapo hapo, huku mteja akipatana bei.

Kariakoo ilichorwa na Wajerumani kabla ya 1914, kwa mitaa inayokatana kama mistari ya daftari. Jengo la soko lililobuniwa na msanifu Beda Amuli lilifunguliwa 1975 na likaungua Julai 2021. Nyumba nyingi za Kiswahili zimebomolewa kupisha maghorofa ya maduka, lakini chache bado zimesimama katikati yake. Mbele ya Kariakoo ni Mnazi Mmoja, uwanja ulioachwa wazi na wakoloni ili kutenga makazi ya Waafrika na Uhindini. Kando yake, katika mtaa ambao leo ni Lumumba, chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954.

Kutembea kumelisaidia pia jiji lenyewe. Kata ya Tandale ilichorwa ramani na wakazi na wanafunzi mwaka 2011. Kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria ulieneza kazi hiyo katika kata nyingine: vijana walipita mtaa kwa mtaa na simu mkononi wakirekodi njia, mitaro na majengo, ili maeneo yanayokumbwa na mafuriko yajulikane.

Anayetaka kuipita njia hii aigawe kwa siku kadhaa, aanze alfajiri kabla ya jua kali, na aepuke masika, kwani vichochoro vya bondeni hujaa maji. Shikamoo kwa wazee waliokaa barazani humfungulia mgeni mazungumzo. Ruhusa ya kupiga picha za watu na nyumba zao huombwa kwanza, na anayetaka kupiga nyingi au kuuliza historia ya mtaa huanzia ofisi ya serikali ya mtaa.